Poda ya Ijumaa Kuu

Katika chuo chetu cha Mbale, kila Ijumaa Kuu wanafunzi Wakatoliki waliitoa Njia ya Msalaba kanisani na kuipeleka barabarani, kutoka mtaa wa Malukhu hadi chini ya mlima Wanale, huku wakiigiza mateso yote. Pilato alikuwa mweusi. Askari Warumi walikuwa weusi. Waliopiga kelele Yesu asulubiwe, weusi tii. Ila Yesu na Bikira Maria walitafutwa miongoni mwa weupe-weupe, wafanane na picha ya ukutani kanisani. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, na hakuna aliyeivunja.

Mwaka wangu wa pili nilichoka. Katika somo la dini tulisoma kwamba binadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, tukajibu mtihani vizuri, kisha jioni tukakaa kuchambuana rangi kama maharagwe. Nikasimama mkutanoni nikadai Maria apigiwe kura, na kwamba nagombea mimi, mtoto wa Walukuba kule Jinja, niliyeitwa Makaa tangu shule ya msingi. Wavulana walicheka. Wasichana hawakucheka, na ndio waliokuwa wengi. Nikashinda.

Nilimpigia mama simu. Akasema atakuja kuniona. Mama alijipaka krimu ya kung'arisha ngozi tangu nikiwa mdogo. Uso wake ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa, lakini vifundo vya vidole vilikataa, vikabaki vyeusi. Nyumbani hatukulizungumza jambo hilo hata siku moja.

Asubuhi ya Ijumaa Kuu, nikiwa nimeshavaa shuka la buluu, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya wanafunzi alinijia na kopo la poda nyeupe.

"Kidogo tu, dada. Watu wakutambue."

"Watanitambua nikilia."

"Bila poda hutembei."

Hasira zilinipanda, nikalisukuma kopo lake. Yule mwanafunzi aliyekuwa Yesu, mweupe kama kawaida, alitusikia. Aliuweka msalaba chini akaketi kando yake. Warumi wakavua kofia zao za maboksi, nao wakaketi, mmoja baada ya mwingine. Barabarani watu walikuwa wameshaanza kujipanga.

Padri mlezi wetu alitoka kanisani akauliza kwa nini msalaba uko chini.

"Faza, wanataka nipakwe weupe kwanza," nilisema. "Kama Mungu hawezi kuwa na mama mwenye uso huu, tuambie leo, tuache kusoma."

Alilitazama lile kopo. Yeye ndiye aliyetufundisha lile somo la uumbaji, na kila mwaka ndiye aliyeongoza maandamano yale bila kusema neno. "Inukeni, twende," alisema. Hakuomba radhi. Niliitaka radhi yake siku ile, na hadi leo naitaka.

Kituo cha nne, Yesu anapokutana na Mama yake, kiliangukia mahali penye watu wengi. Nilipojitokeza, kijana mmoja akapaza sauti, "Maria gani huyo, ametoka jikoni?" Kicheko kikaenea. Nilijiambia kwamba Mama wa Yesu naye alisimama mbele ya watu waliocheka, na sikufarijika hata kidogo. Nililia. Sikuigiza. Aliyebeba msalaba alinishika mkono kwa nguvu, na polepole watu wakanyamaza, kisha bibi mmoja akaanza Salamu Maria, na wengine wakamfuata.

Tulipofika chini ya Wanale na sala zikaisha, mama, aliyekuja kama alivyoahidi, alinifuata nilipokuwa nikinawa miguu. Wakati ule sikuwa na hamu ya kuongea na mtu yeyote. Akaniambia kwa Kiswahili chetu cha Walukuba:

"Ile poda, ni mimi nilinunua. Nilimupa mwenyekiti asubuhi, nikamwambia asikwambie."

Niliacha kunawa.

"Niliogopa watu itakucheka."

"Walinicheka, mama."

"Nilisikia. Nilikuwa nasimama na wao." Machozi yalimtoka, akayafuta kwa viganja. "Halafu wakaanza kukuombea Salamu Maria, weye, mtoto wangu, na huo uso yako."

Aliketi kwenye jiwe kando yangu. Alijigusa shavu, taratibu.

"Mimi nikiacha kupaka," aliuliza, "yangu itarudi?"

Niliushika mkono wake, penye vile vifundo vilivyobaki vyeusi.