Shahidi wa Bibi Salima

Siku yangu ya kwanza katika zahanati ya kijiji, njia ya kwenda Madimba, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, alinikabidhi rejista akasema, "Nesi, hapa utazalisha mpaka ukome!" Nilizalisha kweli. Lakini vijana wa kijiji walikwenda Dar, na benchi letu likazidi kujaa wazee. Hilo chuoni hatukufundishwa.

Aliyetimiza miaka sitini alitibiwa bure, ila cheti cha kuzaliwa nani alikuwa nacho? Kwetu umri ulithibitishwa kwa rika: mwanamke alikuja na mwenzake waliyechezwa naye unyago, akamshuhudia.

Bibi Salima alikuja peke yake, anapapasa ukuta, macho yote yana mtoto wa jicho. Alitaka barua ya kwenda kupasuliwa bure hospitali ya mkoa.

"Shahidi wako yuko wapi, bibi?"

"Wenzangu wote wako makaburini, mjukuu wangu. Nikuletee udongo wao?"

Mfawidhi hakucheka. "Sura si cheti. Arudi na mtu."

Mtu gani? Nilipandwa na hasira, nikachukua kalamu nikaandika jina langu: shahidi, tulichezwa pamoja.

Mfawidhi alisoma akavua miwani. "Nesi! Huyu kaota mvi wewe hujazaliwa!"

"Ndiyo, mganga. Na hana mwingine."

Akanuna siku nzima, lakini muhuri aligonga.

Bibi alipasuliwa, akaona. Alipokuja kunishukuru alinitazama juu mpaka chini. "Yarabi! Mwenzangu ndiye huyu, katoto?" Tangu hapo kila Ijumaa alikuja, haumwi kitu, kunisimulia wenzake: nani alilia unyagoni, nani aliiba mihogo. Alinisimulia kama vile nami nilikuwepo. Mara nyingi nilimkatiza, "Bibi, nina foleni." Naye husema, "Haya," akakaa tu.

Miaka ya elfu mbili nilihamishiwa mjini ghafla, nikaondoka bila kumuaga. Nikasema nitakwenda Ijumaa moja.

Sasa nimestaafu, niko Chikongola, huku huku mjini. Wanangu wako Dar, hupiga simu, nao wana foleni zao. Upweke unauma, jamani, msidanganywe.

Nesi aliyeshika nafasi yangu alinieleza tulipokutana kwenye semina, nikiwa bado kazini. Bibi Salima aliendelea kuja mwaka mzima. Akifika huuliza, "Na yule naye kafa?" Wakimjibu niko hai, nimehamia mjini tu, alikuwa akisema, "Angekuwa hai angekuja."