Mkono Nyuma ya Koti

Kocha msaidizi wa mpira wa kikapu chuoni kwetu, hapa Indiana, hukaa ubavuni mwa kocha mkuu, mkono wake ukiwa tayari nyuma ya koti la mwenzake. Mkuu akipandwa na hasira, humvuta kabla hajavuka mstari wa uwanja na kuadhibiwa na refa. Amewashika hivyo wakuu watatu, akingoja zamu yake. Mwaka huu nafasi ya kocha mkuu ilipobaki wazi, alinunua koti jipya. Nafasi akapewa Brandt, kijana ambaye msaidizi mwenyewe ndiye aliyemfundisha kurusha mpira.

Mechi ya kwanza, Brandt aliruka kumfokea refa, na mkono ukamvuta.

“Niachie, mzee! Mimi mbwa wako?”

Wachezaji walicheka, naye msaidizi akacheka nao. Mwishoni Brandt akavuka mstari, filimbi ikalia, tukafungwa kwa mtupo wa adhabu. Nilimtazama msaidizi. Alikuwa ameukalia mkono wake.