Duara la Sita

Pasaka hii wajukuu wangu wa Kisumu walinikalisha kwenye kochi wakaanza kupamba sebule kwa riboni na baluni. Nusu saa, kazi kwisha. Nilicheka moyoni, rafiki yangu, maana kwetu Nyakach kupamba nyumba kwa Pasaka kulikuwa kazi ya juma zima, na kulianzia matopeni.

Udongo mwekundu tuliuchimba kwenye kichuguu, tukauchanganya na kinyesi cha ng'ombe, tukasiriba kuta kwa viganja. Jivu lilitupa rangi ya kijivu, udongo wa mtoni nyeupe, na nyeusi tuliitoa ndani ya betri kuukuu za redio. Vitambaa vya viti vilifuliwa, vikatiwa wanga wa muhogo, vikapigwa pasi ya makaa hadi vikakaribia kusimama vyenyewe. Hadi leo nikinusa udongo mbichi, tumbo langu husubiri kuku wa sikukuu.

Lakini kulikuwa na miaka mitatu ambayo kuta zetu hazikuchorwa kitu. Ndugu yetu mdogo alikuwa amekufa kwa surua, na tangu mazishi baba hakukanyaga kanisani wala hakuketi penye maombi. Mama hakubishana naye. "Mtu hakokotwi kwenda kwa Mungu kama ng'ombe kwenda sokoni," alituambia. Kisha mwalimu wa kanisa akatuma habari kwamba Jumatatu ya Pasaka waumini wangekuja kuombea nyumba yetu. Baba akasema, "Waje tu. Mimi siku hiyo nitakuwa sokoni Pap Onditi." Mama aliitikia kwa upole, akaenda kukanda udongo.

Jumamosi alichora ukuta wa mbele: maduara meupe kando ya mlango, moja chini ya lingine. Sisi watoto tulikuwa watano. Nikahesabu.

"Mama, umezidisha moja."

"Sijazidisha," alisema bila kugeuka.

Baba alikuwa hatua chache tu kutoka hapo, akitia mpini kwenye jembe. Mkono wake ulisimama kidogo, kisha akaendelea.

Alasiri mvua ikaja kutoka upande wa ziwa, ikisukumwa na upepo, ikaelekea ukutani moja kwa moja. Udongo ulikuwa haujakauka. Matone ya kwanza yakavuta mstari mweupe kutoka duara la chini kabisa, lile la sita. Mama alisimama uani, mikono imejaa rangi. Baba akatupa jembe, akakimbilia ndani, akatoka na jamvi la mafunjo tuliloanikia mtama. Akalisimamisha mbele ya maduara, akalizuia kwa mwili wake.

Jirani yetu, mama asiyepitwa na jambo, alikuwa akikimbilia kwake na karai kichwani. "Mzee, leo umegeuka ukuta?"

"Pita, Mama, ukaloe kwako."

"Kusiriba ni kazi yetu wanawake, lakini naona umeajiriwa."

"Bila mshahara," baba akajibu. Tangu msiba hatukuwa tumemsikia akitania.

Alisimama pale mpaka mvua ikakatika, meno yakigongana. Alipoondoa jamvi, maduara yote yalikuwepo.

Jumatatu mfuko wake wa sokoni ulibaki kwenye msumari. Waumini walipofika, baba aliwakaribisha, akaingia wa mwisho, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Mwalimu wa kanisa akauliza majina ya watoto ili ayataje katika sala. Mama akataja matano, akaishia hapo. Jina la sita alilitaja baba. Alilisema wazi, kama unavyomwita mtoto aje kula, na sala ilipokwisha nilimsikia akiitika amina.

Mama alishusha pumzi. Sijasikia tena pumzi ndefu namna ile.

Nyumba ile ilirudi udongoni zamani, na wote wawili wamelala karibu na pale iliposimama. Siku hizi kuta zetu ni za saruji. Mvua ikija tunafunga dirisha tu. Hakuna tena binti anayejua kichuguu gani kina udongo mzuri. Silalamiki. Kila Pasaka namshukuru Mungu kwamba mama, kwa miaka yote iliyombakia, hakwenda tena kuomba peke yake.