Mama Avit na Riwaya Isiyo na Jina la Mwandishi

Felicitas Buberwa haunguzi chapati. Muulize yeyote pale karibu na stendi ya Muleba, atakuambia. Lakini Jumamosi hii, saa tisa alasiri, chapati ya pili inafuka moshi kwenye kikaango chake na yeye wala hana habari. Mkono umeshika kijiko, uso umeelekea jikoni, ila masikio yote mawili yako kwenye benchi la nyuma ya banda.

Kwenye benchi hilo wamekaa vijana watatu wa sekondari. Mbele yao kuna karatasi za kuchapwa zilizofungwa kwa springi ya plastiki, unene wa msahafu mdogo. Juu hakuna jina la kitabu wala la mwandishi. Ni riwaya ya vijana, na vijana wenyewe wanainyonyoa kama kuku wa Krismasi.

"Huyu mwandishi hajawahi kuona simu?" anauliza Mwijage, mvulana wa kidato cha tatu mwenye sauti ya mnadani. "Koku anampenda Sospeter, Sospeter yuko kisiwani, halafu wanaandikiana barua! Barua inakaa wiki mbili njiani! Jamani, zama hizi?"

Wenzake wanacheka. Felicitas hacheki. Anachota punje za kahawa kwenye kikapu kidogo, anazitia mdomoni zote kwa mpigo na kuanza kutafuna kwa hasira.

Riwaya hiyo ni yake. Ameiandika kwa mkono, usiku na mchana wa mvua, kwa miaka minne, na wale watoto amewaambia ni kazi ya mtu fulani wa Bukoba anayetaka maoni ya vijana.

"Nikifungua mdomo tu nimejiharibia," anamnong'oneza mgeni wake wa gazeti, shavu likiwa limejaa kahawa. "Wakisema haifai, jioni hii hii naiwashia moto wa maharage. Nimeshaapa."

Na mtu aliyemwona akiapa anajua hakuwa akitania. Kuni ziko pale, kiberiti kiko pale, na sufuria la maharage linasubiri.

Felicitas, ambaye wateja wanamwita Mama Avit kwa jina la mwanawe wa kwanza, fundi magari huko Mwanza, ana miaka arobaini na sita. Anauza chai, chapati na maharage. Siku nzuri anabakiwa na shilingi elfu kumi na mbili, siku mbaya anabakiwa na chapati. Ukifika kwake umenuna hakuulizi una nini. Anakusogezea sahani na kukuambia, "Kula kwanza, kulia baadaye."

Alizaliwa Kanazi, kwenye kibanja cha migomba na kahawa. Alikuwa kidato cha pili mama yake alipougua, na kwa kuwa yeye ndiye mkubwa, akarudishwa nyumbani kulea wadogo zake. Mama alipona baada ya mwaka, lakini darasa lilishasonga mbele. Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa Kiswahili.

"Hadithi hazikunitoka," anasema. "Nakanda unga, kichwani mtu anaongea na mtu. Mume wangu akawa ananiuliza, wewe unagombana na nani?"

Vitabu vilianza kuingia bandani kwa njia ya unga. Kila akienda Bukoba kununua ngano ya jumla, alipitia sokoni kwa wauza mitumba akarudi na riwaya moja au mbili za vijana, zile zilizokatika majalada. Aliziweka kwenye ndoo yenye mfuniko. Mwanafunzi akija kula anaruhusiwa kusoma, sharti anawe kwanza kwa sabuni, maana mafuta ya chapati na karatasi hawajawahi kuelewana.

Kusoma kukazaa ubishi. Yule msichana kwa nini alimsamehe yule mvulana? Huyu baba ni mkali au ni mwoga? Jumamosi kwa Jumamosi benchi likawa halitoshi, na Mwijage akawa hamwachi mtu amalize sentensi. Mama Avit akapata dawa.

Kwa Wahaya, mgeni akifika hupewa kwanza kahawa ya kutafuna, akamwani, ndipo mazungumzo yaanze. Basi kikapu cha akamwani kikawekwa kwenye benchi na sheria ikatungwa: anayemkatiza mwenzake anapewa punje, na mwenye punje mdomoni anasikiliza mpaka aimalize. Siku za kwanza Mwijage alikuwa akirudi nyumbani hana usingizi kabisa.

Lakini kwa nini afiche kwamba riwaya ni yake? Hapo Mama Avit anaangua kicheko, ingawa ukikisikiliza vizuri kina uchungu ndani yake.

Miaka miwili iliyopita aliwapelekea rafiki zake watatu wa kwaya, kule Buhembe, sura tano za kwanza. Baada ya mwezi akaenda kusikia. "Waitu, mwenzetu, ni nzuri mno!" walimwambia, na mmoja akamshika mkono kabisa. Moyo ukamsukuma awajaribu. Akauliza, "Na pale mbuzi alipoibwa, mlipaonaje?"

"Aa, pale paliniliza," akajibu yule wa mkono.

Kwenye riwaya hiyo hakuna mbuzi.

"Sikuwachukia," anasema Mama Avit. "Kwetu mtu mzima haambiwi chakula chake kimezidi chumvi. Unakula, unashukuru, unakwenda kunywa maji kwako. Lakini nilirudi Muleba nikiwa sina hamu. Nikajiuliza, hivi katika dunia hii kuna mtu atakayesoma maneno yangu mpaka mwisho?"

Ndiyo maana safari hii alikwenda kwa Edvina, mama mwenye duka la kuchapa pale Bukoba, akamlipa elfu arobaini za kuchapa nakala tatu, akamwomba asitie jina. Wiki mbili zilizopita akawagawia vijana. Leo ndiyo hukumu.

Zamu ya kusema ni ya Annastella, binti wa kidato cha nne anayekaa na shangazi yake hapa mjini. Anafunua kurasa kwa ncha ya kidole, kama mtu anayechambua mchele.

"Sura ya nne. Mama anamkataza Koku kula senene kwa sababu ni msichana. Nani anakatazwa siku hizi? Mimi na kaka yangu tunagombania sahani moja!"

Ni kweli kwamba zamani, msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, ulipofika, wanawake ndio waliowakusanya na wanaume ndio waliowala. Mama Avit aliyakuta mabaki ya desturi hiyo utotoni, akayaandika kama yalivyo, akasahau kwamba Koku wake ni mtoto wa leo.

"Basi mwandishi ni mzee," anatangaza Mwijage. "Tena mzee kabisa."

Jikoni mtu anapaliwa na kahawa. Anakohoa mpaka mteja wa chai anamgonga mgongoni.

"Bibi yangu wa Izimbya hali senene mpaka leo," anaendelea Annastella. "Kwa hiyo maneno hayo angempa bibi, yangekaa vizuri. Mama yake Koku hapana."

Zamu inafika kwa Rozi. Huyu ni mtoto wa visiwani, baba yake, mzee Mayenga, alitoka Usukumani kuja kuvua. Amepanga chumba hapa Muleba kwa ajili ya shule, na ni mpole, hana haraka na maneno.

"Mimi nina tatizo na Sospeter," anasema. "Anaongea kama katekista. 'Uzuri wako wanitia tafakuri.' Baba yangu mvuvi, kaka zangu wavuvi, nimekua nao. Hakuna mvulana wa kisiwani anayesema hivyo."

"Anasemaje?" anauliza Mwijage.

"Anasema, 'Umekula?' Akikupenda sana anauliza mara mbili."

Benchi zima linavunjika kwa kicheko. Mama Avit amegeuka nyuma, mabega yameshuka. Analitazama sufuria la maharage, anaitazama nakala yake ya nne iliyo chini ya kabati, ile ya mkono, na mgeni yeyote aliyekaa pale angeona mawazo yake yanakokwenda. Simu, senene, Sospeter. Vitu vitatu, na riwaya imebaki mifupa.

Halafu Mwijage anasema kitu bila kupiga kelele, na kwa sababu hajazoea kusema hivyo wote wanamgeukia.

"Lakini ile ya sare."

"Eh," anaitikia Annastella. "Ile ya sare."

Katika sura ya saba, Koku ameshaachishwa shule. Mama yake hajamwomba radhi wala kumwambia pole. Ila kila Jumapili baada ya misa anaichukua sketi ya shule ya binti yake, anaipiga pasi ya mkaa, mkunjo kwa mkunjo, anairudisha msumarini. Wiki baada ya wiki, na hakuna anayeivaa.

"Nilipofika hapo nikafunga kitabu," anasema Mwijage. "Nikatoka nje. Nikachukua ndoo nikaenda kumchotea mama maji, na hakunituma. Akaniuliza, umevunja nini?"

Safari hii hawacheki sana. Sketi hiyo, ambayo vijana wanaijadili kama mambo ya watu wengine, ilikuwa ya bluu, na msumari wake ulikuwa ukutani Kanazi.

Mama Avit anatema maganda ya kahawa. Anapangusa mikono kwenye kanga, anasogea hatua chache, na kwa sauti ya mtu asiyejali kitu anatupa swali lake.

"Na pale mbuzi alipoibwa, mlipaonaje?"

Vijana wanatazamana. Annastella anafunua mbele, anafunua nyuma.

"Mbuzi gani?" anauliza Mwijage.

"Mama Avit," anasema Rozi polepole, "kwenye riwaya hii hakuna mbuzi."

Mawe! Mama wee! Mtu mzima anageukia jiko haraka, ananyanyua upindo wa kanga, na kulalamika kwamba kuni za siku hizi zina moshi mno. Hao wamesoma. Wamesoma mpaka mwisho, wote watatu, neno kwa neno.

"Sasa ikichapwa kitabu chenyewe," anauliza Annastella akikusanya daftari zake, "mtaisoma tena?"

"Akirekebisha ile ya simu, naisoma," anasema Mwijage. "Asiporekebisha pia naisoma, ila nitalalamika."

Wanaaga na kuondoka. Rozi anabaki kuosha vikombe, kama afanyavyo kila Jumamosi kwa malipo ya chapati mbili. Anasuuza kimoja, anakifunika, anasuuza cha pili.

"Mama Avit, sura ya mwisho asiiguse."

"Nani asiiguse?"

"Mwandishi." Rozi anakung'uta maji. "Yaani wewe."

Kijiko kinamdondoka Mama Avit.

Rozi anaeleza bila haraka, kama kawaida yake. Katika sura ya pili, Koku anarudi nyumbani akilia, na mama yake anamwambia maneno manne. Rozi anayajua maneno hayo. Aliambiwa hapa hapa, kwenye benchi hili, wiki ya kwanza alipotoka kisiwani na alikuwa hamjui mtu Muleba nzima.

"Nikawaonyesha wenzangu Jumatatu. Annastella akataka tukuambie. Mwijage akakataa. Akasema tukikuambia tunajua, utakaa mbele yetu, na sisi mtu mzima tutamwambiaje senene wake si wa leo? Tutasifu tu. Tukakubaliana tujifanye hatujui, tuseme kila kitu."

Mama Avit anakaa kwenye benchi. Anajaribu kukasirika, anashindwa. "Na ile ya mzee kabisa, nayo mlikubaliana?"

"Hiyo hapana," anasema Rozi. "Hiyo ni ya Mwijage mwenyewe."

Hapo kinamtoka kicheko cha kufanya hata madereva wa stendi wageuke. Anacheka akipiga mapaja, anacheka mpaka kicheko kinageuka machozi, na safari hii hasingizii moshi. Miaka miwili alikuwa amebeba mbuzi wa Buhembe moyoni, leo amemtua. Aliogopa heshima ingewafunga watoto midomo. Kumbe wameikalia kikao, wakaitafutia njia.

Maharage yataiva kwa kuni za kawaida. Msimu wa senene ukianza, mvua zikiwaleta wateja wachache, atakaa na riwaya yake. Koku atapewa simu, hata kama ni ya kitochi. Bibi atapewa maneno ya senene. Sospeter atafundishwa kuongea, na mwalimu wake atakuwa Rozi. Baada ya Krismasi ataipeleka tena kwa Edvina, apate nakala ishirini za kugawa kwenye shule za Muleba na Bukoba, na juu ya jalada jina lake liandikwe kamili.

"Sijui kama itafika mbali," anasema akipangusa uso. "Nataka tu ifike kwenye benchi jingine, kwa watoto wasionijua, waigombanie. Na mama yangu bado yupo Kanazi. Ile sura ya sare nitamsomea mwenyewe, nikikaa karibu naye..."

Hamalizi. Machozi yamerudi upya, mengi kuliko ya mwanzo.

Rozi anaacha vikombe. Anaichukua ile chapati iliyoungua, anaikunja kwenye sahani, anaiweka mapajani mwa Mama Avit.

"Kula kwanza," anamwambia. "Kulia baadaye."