Nani Kawaambia Kawa Mzungu

Nani kakwambia kawa mzungu? Wewe umekaa Kibondo sokoni na debe lako la maharage, Ulaya umeiona kwenye kalenda ya ukutani, halafu unatangaza kwamba mtoto wa kaka yako kaisahau nyumba. Mimi nilifika mpaka kwake. Nyamaza basi nikwambie.

Hivyo ndivyo nilivyomjibu shangazi mtu, mbele ya wateja wake. Akasema namtetea kwa sababu ni rafiki yangu. Ndiyo, ni rafiki yangu. Sekondari tulikaa dawati moja, yeye wa Kibondo, mimi wa Kasulu. Anayemsema vibaya ajipange.

Yeye alitangulia Ujerumani kusoma. Mimi Kijerumani nilijifundisha mwenyewe kwa simu, huku nauza vitenge kwenye duka la Mwarabu mmoja pale Kasulu. Wateja walidhani nimepagawa, maana nilikuwa nabishana na ukuta. Baadaye nikaingia chuo, nacho kikanipeleka huko huko kwa muhula mmoja, mji tofauti na wake.

Kabla sijaondoka, mama yake aliniita. Hakuniagiza kitu. Alisema, "Mwanangu, ukamtazame. Simu zangu hapokei. Kama si wangu tena, uje uniambie, niache kusubiri."

Basi wikiendi moja nikapanda basi. Mfukoni nimebeba unga wa muhogo na maharage ya kwetu, nanuka kama gulio la Makere, na mzungu niliyekaa naye akafungua kijidirisha cha juu. Sikumwambia rafiki yangu kwamba nakuja. Nimwambie ya nini? Kwetu unafika, unapiga hodi, unakaribishwa. Nani anaomba ruhusa ya kumtembelea mtu wake?

Nyumba yake ilikuwa ghorofa refu, mlango wa chini umefungwa, pembeni vitufe vingi kama rimoti. Mimi vitufe sikuvitazama. Nikasimama barabarani nikapiga hodi. Kimya. Nikapaza sauti. Hodi ile ya kumwamsha mtu aliye nyuma ya migomba. Madirisha yakaanza kufunguka.

Akatoka bibi mmoja na kijibwa chake. Mtu mzima ni mtu mzima hata kama kavaa suruali ya mazoezi, kwa hiyo nikainama, nikampigia makofi ya kumwamkia kama tunavyowaamkia wazee wetu. Akageuka nyuma kuangalia nani anashangiliwa. Alipoona hakuna mtu, naye akanipigia makofi. Tukasimama pale tunapigiana makofi, kijibwa kinabweka.

Ndipo rafiki yangu akachungulia kutoka juu.

"Wewe! Mbona hukusema unakuja?"

Maneno hayo. Baada ya safari yote ile. Nilipanda ngazi damu imenichemka, na salamu sikutoa.

"Nimekuja kwako au nimekuja ofisini?"

"Punguza sauti, majirani."

"Majirani wamenikaribisha kuliko wewe. Shangazi yako anasema umekuwa mzungu, nikambishia. Kumbe mjinga ni mimi."

Alikuwa anavaa viatu. Akasema anakwenda kazini, anaosha vyombo hotelini Jumamosi nzima, na simu wanazifungia kabatini. Siku nyingine akitoka darasani anapitia huko huko. Akirudi, Kibondo wameshalala.

"Na mama yako hujamwambia hivyo?"

"Nimwambie nimekuja kusoma halafu naosha sufuria? Atauza shamba anirudishe. Wewe pika, nakuja."

Akaondoka. Nikabaki nimekasirika, na chumba chenyewe kidogo, hata kutembea kwa hasira huwezi, unagonga kitanda. Nikatoka kuutazama mji. Nikaona kanisa lao kubwa, ndani kuna watalii tu wanapiga picha dari, halafu nikanywa kahawa kwenye kikombe kidogo kama cha kupimia dawa ya kikohozi. Nilikuwa nimeshapanga jinsi ya kumwambia mama yake. Mama, acha kusubiri.

Jumapili tulikula ugali wa muhogo bila maneno mengi. Ilikuwa siku yake pekee ya kulala, macho yamemvimba. Nikasema naondoka. Akachukua mfuko wangu akaubeba.

Sasa, kwetu mgeni humwachi mlangoni. Unambebea mzigo, mnatembea, anakwambia rudi, unakataa. Anakwambia tena, ndipo unarudi. Ukirudi mara ya kwanza, utasemwa mpaka Nyabibuye.

Stendi nikamwambia, "Rudi, umenisindikiza vya kutosha." Nilisema kwa ukali, nilitaka kweli arudi.

"Twende kidogo," akasema, akapanda basi.

Dereva akamuuliza anashuka wapi. Akasema hajui, anamsindikiza mgeni. Dereva akamtazama kama mtu anayehitaji daktari, akamkatia tiketi ya mji unaofuata. Njia nzima alilala begani kwangu, mdomo wazi, mfuko wangu kaukumbatia. Tulipofika nikamwambia rudi, mara ya pili. Akashuka. Mvua inanyesha, akavuka barabara, akasimama upande wa pili kungoja basi la kurudi alikotoka.

Nikampigia mama yake pale pale kwenye basi. Ya sufuria sikuyasema, ni ya mwanawe kuyasema. Nikamwambia tu nimesindikizwa mpaka wapi.

"Ulimwambia arudi?"

"Nilimwambia, mama. Akakataa."

Akasema, "Basi ni wangu," akakata simu.

Shangazi mtu bado anasema huo si ushahidi, eti mtu anaweza kupanda basi kwa matembezi. Sawa. Na wewe unayesoma hapa, unayetikisa kichwa pamoja naye, mgeni wako wa mwisho ulimwachia wapi?