Hedifoni Chini ya Ushungi

Baba alipofariki, bendi walikuja kuchukua gitaa. Siwasemi vibaya, walikuja kwa adabu. Walisubiri hitma ipite, wakaja watu wawili na kofia mikononi, wakasema vyombo ni mali ya bendi. Na kweli vilikuwa mali ya bendi. Wanamuziki wengi wa enzi zile walikufa bila hata uzi mmoja wa gitaa ulio wao. Lakini mie nilikuwa na hasira za kumtafuna mtu. Nikawaambia, "Chukueni na ndala zake basi!" Mama alikuwa ndani, nyuma ya pazia. Akaniita jina langu mara moja tu, nikanyamaza.

Tulikaa Mtoni, nyumba ya bibi mzaa baba, ndani kidogo ukitoka Barabara ya Kilwa. Mchana baba alikuwa kiwandani Chang'ombe, jioni bendini. Alipiga gitaa la rizimu. Nyie mliozaliwa juzi niwaeleze: kwenye dansi kuna gitaa la solo, lile linalojishaua juu, watu wanarusha mikono. Kuna besi, linatikisa kifua. Katikati yao kuna rizimu, linachekecha taratibu tangu wimbo unaanza mpaka unakwisha, na hakuna anayelijua kama lipo. Baba alikuwa hilo. Vijana wa mtaani walimtania, "Mzee, jana ulikuwepo kweli jukwaani?" Naye anacheka, anasema alikuwepo, waulize viatu vyake.

Mama peke yake ndiye aliyekuwaga anamtambua. Redio ikipiga wimbo wao, mama anainua kidole. "Huyo. Huyo hapo, kaingia." Sie watoto tunakaza masikio mpaka macho yanatutoka, tunasikia zogo tu. Alimjua kwa sababu ya mazoezi ya uani, miaka na miaka, yeye anachambua mchele na baba anarudia kipande kilekile mpaka kuku wamechoka.

Bibi hakuwahi kumsikia. Kwa kutaka mwenyewe. Kwa bibi gitaa lilikuwa chombo cha walevi, na mwanawe wa pekee kukesha nalo kwenye mabaa lilikuwa jambo la aibu mbele ya Mungu na mbele ya majirani. Baba akitoa kigoda chake uani, bibi anakunja mkeka wake, anahamia nyumba ya pili. Hagombi, hasemi neno. Anakunja mkeka tu. Baba akimaliza ananituma, "Kamwambie bibi yako nimeacha." Bibi anarudi, wanakula sinia moja, wanataniana, maisha yanaendelea. Walipendana sana wale, nasema bila kuapa. Ila hilo gitaa lilibaki katikati yao mpaka mwisho, na mwisho wenyewe ulikuja ghafla: presha ilimwangusha kiwandani asubuhi, chai aliyokunywa na sisi haijapoa tumboni.

Mama akaingia eda. Miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, hatoki nje, hajipambi. Alivua herini zake zote, na alikuwa nazo nyingi, masikio yake yalitobolewa kizamani mpaka juu. Yakabaki matundu matupu. Bibi akaishusha redio kaseti ya sebuleni, akaifunga kwa kanga kama mtoto mchanga, akaipandisha juu ya kabati. "Nyumba hii ina kizuka," akasema, ndivyo alivyomwita mjane aliye edani. "Sitaki kusikia hata tangazo." Hata wapangaji wa vyumba vya uani walizima za kwao bila kuambiwa.

Mie nilikuwa msusi. Nilisuka watu barazani kwetu, na kila asubuhi kabla ya wateja kufika nilikuwa naingia kwa mama kumfunga ushungi. Siku moja, mwezi wa pili wa eda, akanishika mkono.

"Mwanangu, naanza kumpoteza."

"Kumpoteza vipi, mama?"

"Uso wake ninao. Sauti ninayo. Ile mikono yake inavyopiga ndiyo inaniponyoka. Nikijaribu kuikumbuka, linanijia solo la yule mwingine." Akaanza kulia kimyakimya, kichwa kikiwa mikononi mwangu. "Nikija kutoka eda nitakuwa kama wale wengine. Na mie nitasikia zogo tu."

Jamani. Hakuna maneno yaliyowahi kuniumiza kama yale. Baba mzima, maisha mazima ya kupiga, na mtu mmoja tu duniani anayemjua akipiga, na huyo naye anamsahau.

Kanda ilikuwepo. Bendi waliwahi kwenda Nairobi kurekodi kwenye studio kubwa, na baba alirudi na kaseti moja ya kwake. Ilikuwepo pia wokmeni, kile kiredio cha kaseti cha kufunga mkandani, alichokinunua kwa baharia mmoja. Kisichokuwepo ni hedifoni. Yake ilikatika waya zamani, na yeye hakujali, alisema gitaa analisikia vidoleni. Nikajisemea, hapa dawa ni moja. Nitafute hedifoni zile ndogo za kuchomeka sikioni, zilale chini ya ushungi, mama amsikie mtu wake, na bibi asijue.

Pesa nilikuwa nazo kidogo, za kununulia kiti cha saluni. Kiti kikasubiri.

Kariakoo ya miaka ile ilikuwa imechachamaa. Nyie mnakuta vitu dukani mnaona kawaida. Sie tulitoka kwenye kupanga foleni ya sabuni, halafu ikaja ruksa ya kuagiza bidhaa, na ghafla kila kibanda kina vitu vya Dubai mpaka unaona kizunguzungu. Nikaingia duka moja la vifaa vya redio. Mwenye duka alikuwa mtu mzima, mnene, mdomo haupumziki.

Kwanza akanitolea dude la kuvaa kichwani, lina sponji nene kama maandazi mawili. Nikamwambia, "Hili hata chini ya hema halifichiki." Akacheka. Akatoa za kuchomeka, nyeusi, zinametameta, zina mistari ya dhahabu. "Hii ndiyo wanachukua vijana wote, sista. Inapiga besi mpaka mbavu zinaachana."

Nikachomeka waya kwenye wokmeni ya baba, nikaweka kanda. Besi lilikuja kweli, lilikuja kama lori la mchanga. Nikatafuta rizimu. Ilikuwepo, kwa mbali, masikio yote mawili, lakini imefunikwa, kama mtu anaongea huku kaziba mdomo kwa shuka. Na hata ikiwa sikioni, hedifoni ile inavujisha sauti: tsi, tsi, tsi, mpaka mteja wa jirani anageuka. Kwa bibi ningekamatwa kabla ya Bismillahi.

"Huna nyingine?"

Akanitazama juu mpaka chini, kanga yangu na ndala zangu. "Ipo. Ila si ya mchezo."

"Nani kakwambia nimekuja kucheza?"

Akaenda nyuma, akarudi na kijisanduku cha duara, waya umezungushwa ndani vizuri. Za Kijapani, halisi, rangi ya kijivu, wala hazivutii. Ncha zake zina mpira laini unaoziba tundu la sikio. Kidude kimoja kina doa jekundu, cha pili hakina kitu. Bei yake siitaji, mtanicheka mpaka leo. Nikavaa.

Ikawa kama mtu kafungua dirisha. Ngoma hapa, tarumbeta kule, mwimbaji mbele yangu anavuta pumzi, namsikia anavuta pumzi! Halafu kwenye sikio la doa jekundu akaingia baba. Wazi kabisa. Safi. Nilisikia mpaka kidole kikiteleza kwenye uzi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimsikia baba yangu akipiga, nimesimama dukani kwa watu, na machozi yakanitoka mbele ya yule mnene.

Kisha nikagundua kitu, hasira ikapanda palepale. Sikio la pili baba hayupo. Nikatoa kidude cha doa jekundu, nikabaki na kile kingine: ngoma, tarumbeta, solo, kila mtu yupo kasoro yeye. Nikamwambia mwenye duka, "Hii mbovu. Upande mmoja gitaa halipo. Unataka kuniibia mchana kweupe?"

"Sista, si mbovu," akasema, safari hii kwa upole, maana aliniona nalia. "Studio ndivyo walivyorekodi. Huyu wamemweka upande huu, yule upande ule, wengine kotekote. Hii inakupa kila mtu mahali pake. Ile nyeusi ya bei rahisi inawavuruga wote pamoja, ndiyo maana ulimsikia kotekote."

Nilikaa pale kwa muda mrefu, navaa hizi, navua, navaa zile. Baba wa masikio mawili, aliyefunikwa shuka. Au baba wa sikio moja, mzima kabisa. Wateja walikuja wakaondoka. Mwisho nikasema mama ana masikio mawili na yote ni ya kwake. Moja likimpata mume wake sawasawa, si inatosha? Nikachukua za Kijapani.

Kesho yake asubuhi nilimvalisha mama. Nikapitisha waya chini ya gauni, nikavichomeka vile vidude kwenye yale masikio yasiyo na herini, nikamfunga ushungi juu yake. Nikabonyeza. Mama alitulia. Halafu akainua kidole, vilevile kama zamani.

"Huyo," akasema. "Huyo, kaingia." Akajishika bega, upande ule wa doa jekundu, kama mtu kaegemewa pale. "Kakaa hapa." Akavuta ncha ya ushungi akaibana mdomoni ili kilio kisitoke.

Basi ikawa desturi yetu. Baada ya alasiri mama anakaa kitandani na tasbihi yake, na anamsikiliza. Alianza kula. Alianza kunikosoa nywele za wateja wangu, nikajua amerudi. Bibi akipita mlangoni anaona mjane ametulia na tasbihi, anasema mashaallah, anapita. Mie barazani nasuka huku jicho liko mlangoni.

Kilichomponza mama ni kidole. Alikuwa anapigia goti bila kujijua, taratibu, palepale rizimu inapokwenda. Siku moja bibi akasimama mlangoni na mkeka wake kwapani, alikuwa anatoka kwenda kukaa uani. Akakitazama kile kidole. Mie nilikuwa ndani nakunja nguo, nikaona macho ya bibi yalipotua.

"Mkamwana," bibi akasema. "Una nini masikioni?"

Nikadakia mimi, "Bibi, ni mimi niliye—"

"Sijakuuliza wewe, mke mwenzangu."

Mama akafungua ushungi. Waya ukaonekana umelala shingoni. Akasema, "Namsikiliza mwanao, mama."

Nikangoja bibi ageuke, aende nyumba ya pili kama alivyokuwa akienda siku zote. Akautoa mkeka kwapani. Akautandika chini, pale miguuni kwa mama, akaketi kwa shida, mkono kiunoni.

"Nipe na mie," akasema.

Mama akashuka kitandani, akakaa naye mkekani. Waya ulikuwa mfupi, ikabidi vichwa vyao vigusane. Akapeleka mkono sikioni. Mie nilikuwa nimesimama juu yao, nikaona kidude anachokitoa. Kilikuwa kile chenye doa jekundu. Akakipangusa kwa kanga, akamchomekea bibi.

"Sasa yupi?" bibi akauliza kwa sauti kubwa, maana hajui kwamba kelele zile hazitoki nje ya masikio yao. "Wako wengi humu."

"Mwache huyo anayejishaua juu. Shuka chini, taratibu. Ngoja..." Mama alifumba macho. Kule alikobaki yeye hakukuwa na chochote cha kumwonyesha. Alikuwa anahesabu kwa moyo. Akainua kidole. "Huyo. Kaingia."

Bibi akakunja uso. Akakandamiza kile kidude kwa kiganja. Kisha uso wote ukalegea, nikamwona anazeeka mbele yangu.

"Huyu?" akasema. "Huyu mpole? Kumbe ndivyo alivyokuwa anapiga? Mbona hamkuniambia?" Akalia kilio ambacho hakukilia hata siku ya maziko, kwa sauti, mwili mzima. Katikati ya kilio akamgusa mama gotini. "Mwambie arudie hapo. Mwambie arudie."

Mama akarudisha kanda, akampigia tena. Na tena. Tangu siku ile mpaka eda ikaisha, kila alasiri wakawa wanakaa mkekani hivyo, na kila alasiri doa jekundu linakwenda kwa bibi. Nilikuwa nikiziwaza zile nyeusi za bei rahisi, zilizobaki dukani. Zile zingewatosha wote wawili.

Siku ya kwanza ile, kanda ilipofika mwisho, bibi alijifuta macho akamgeukia mama. "Na wewe huko kwako unamsikia?"

"Namsikia, mama," mama akasema.