Barafu ya Embe Iliyoliwa Mbele ya Mtaa

Enzi zetu, na ninyi mliokulia mtaa wa Mabatini mtanisahihisha nikikosea, barafu haikuwa kitu cha kuchomoa kwenye friji na kula huku jicho liko kwenye simu. Barafu ilikuwa kazi. Ilianzia ziwani, ikapitia jikoni, na mpaka ifike mdomoni ilikuwa imeshatutoa jasho watoto wote wa nyumba. Mimi shule sikufika nayo mbali, kwa hiyo nitasema kama nilivyoona, sitapamba.

Mama yangu alikuwa akifua nguo kwa familia moja ya Kihindi yenye duka la vitambaa mjini. Waliponunua friji mpya, ile kuukuu wakampa yeye. Ililetwa kwa mkokoteni, mlango umefungwa kamba, na watoto wa mtaa mzima wakaisindikiza kwa vigelegele kama bibi harusi. Ilikuwa inanguruma kama ng'ombe aliyevimbiwa. Lakini iligandisha, na mtaa wetu wote ulikuwa na friji moja hiyohiyo.

Basi mama akaanza kuuza barafu za embe na maziwa. Maji tulichota ziwani, maana bomba lilikuwa likikoroma upepo tu. Yalichemshwa kwenye sufuria kubwa, na hapo mama hakuwa na mchezo. "Maji yanayotoa moshi yanatishia tu," alikuwa akituambia. "Ngoja yatokote, yaruke." Yakishatokota, mengine yalifunikwa yapoe, mengine yakakorogewa unga wa ngano kidogo, uji mwepesi, ukaongezwa maziwa na sukari, na iliki ikipatikana. Maziwa yalitoka Buswelu. Ninyi mnaojenga maghorofa Buswelu leo, sisi tuliijua kwa mashamba na ng'ombe, na mama mmoja wa Kisukuma aliyetuletea maziwa kwenye kibuyu, yana harufu ya moshi kidogo.

Maembe yalikuwa ya kienyeji, yale yenye nyuzi za kukwama menoni. Tuliyakamua kwa mikono, tukayachuja kwa kitambaa cheupe, tukayalainisha kwa yale maji yaliyochemka yakapoa. Uji nao ukipoa vinachanganywa, vinamiminwa kwenye vikombe vidogo vya plastiki, katikati kijiti cha tete. Matete tulikata wenyewe ukingoni mwa ziwa, tukayapasua, na yenyewe tukayachemsha. Ule unga ndio uliokuwa ufundi. Bila unga barafu inakuwa jiwe la kuvunja meno. Ukiwemo, inayeyuka ulimini kama malai, ile krimu ya maziwa.

Kazi ya maji ilikuwa yangu, mimi Suzana, binti wa kwanza. Kwa hiyo mtaani mama aliitwa Mama Suzana. Jina lake lilikuwa jina langu, na siku moja niliuona uzito wake.

Ulikuwa msimu wa kipindupindu, Januari, jua linapasua mawe. Vyoo vimemwagiwa chokaa, bwana afya anapita kila nyumba kukataza matunda ya kumenywa barabarani. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mama Kulwa, mwenye mapacha wa kiume, Kulwa na Doto. Jumamosi wote wawili walikula barafu kwetu. Jumapili asubuhi Kulwa akaanza kutapika na kuharisha, macho yakaingia ndani, miguu ikakakamaa. Baba yake akamfunga mgongoni kwa kanga, akapanda baiskeli, akaenda naye hospitali.

Mchana uleule, jua la utosini, Mama Kulwa akaingia uani kwetu na wanawake wa mtaa nyuma yake. Hakupiga hodi. Hakusalimia.

"Mama Suzana, mwanangu jana alikula nini hapa kwako?"

"Alikula barafu," mama akajibu. "Kama watoto wengine."

"Mwanangu anakufa."

"Mungu asikubali. Na Doto je? Doto naye alikula."

"Doto tunamngoja."

Kule nyuma mmoja akasema, "Wanachota palepale watu wanapofulia." Mwingine akadakia, "Friji ya kupewa, mwenzangu! Kama ingekuwa nzuri mwenyewe angeitoa?" Hakuna aliyecheka.

Mama akanigeukia. Hakuniita pembeni. Aliniuliza palepale, mbele ya wote.

"Suzana. Maji ya jana yalichemka?"

"Yalichemka, mama."

"Yalitoa moshi au yalitokota?"

"Yalitokota. Yalimwagika mpaka yakazima kuni za upande mmoja."

Nilisema kweli. Lakini jamani, kusema kweli mbele ya mama ambaye mwanawe yuko hospitali si jambo jepesi. Nilikuwa nayaona yale maji yakirukaruka, kisha nikikutana na macho ya Mama Kulwa naiona sufuria imetulia tuli, haina hata povu. Nikajiuliza, je, yaliyomwagika ni ya jana au ya juzi? Mama alinitazama, kisha akawageukia wale wanawake.

"Mwanangu amesema yalitokota. Yametokota."

Akaingia ndani. Tukausikia mlango wa friji. Akatoka na barafu zilezile za jana zilizobaki, akanipa moja, akachukua yake akaiuma kwa meno ya mbele, na moja akampa mdogo wangu Neema, ambaye hata meno yalikuwa hayajatimia.

Mwanamke mmoja akashindwa kuvumilia. "Huyo mdogo mwache, Mama Suzana."

"Mtoto wa mwenzangu alikula," mama akasema. "Wangu ana nini?"

Nilikula ile barafu kama ninavyomeza kwinini. Sikusikia embe, sikusikia maziwa. Neema peke yake ndiye aliyekuwa anafurahi, anajipaka mpaka kwenye nywele, akimaliza ananyoosha mkono, "Ingine." Uani watu wazima wanamkodolea macho, mtoto anasema, "Ingine."

Baada ya hapo hakuna aliyeondoka. Wengine walikaa kwenye mawe, wengine wakaegemea ukuta, na sisi watatu kwenye mkeka, tunatazamwa kama kuku wa mganga kabla hajapasuliwa. Wote walikuwa wanangoja jambo moja, nani kati yetu atakimbilia chooni. Na choo kilikuwa kule mwisho wa uwanja, ungelazimika kuwapita wote. Nilibanwa na mkojo mpaka machozi yakanilenga. Mama akaona ninavyojinyonganyonga, akaninong'oneza bila kugeuza kichwa, "Ukiinuka hapo, kipindupindu kitakukuta nimeshakuua mimi." Nikakaza. Kila tumbo liliponguruma kidogo niliwaza, ndiyo hiyo imeanza. Nilimtazama Neema kuliko nilivyojitazama mimi. Kama maji yangu hayakuchemka, nilikuwa nimemlisha mdogo wangu kipindupindu.

Jua lilipoanza kushuka Baba Kulwa akarudi na baiskeli, peke yake. Mama Kulwa akasimama, kanga ikamdondoka, hakuiokota.

"Wamemtundikia maji," akasema yule baba. "Yu hai."

Doto alikuwa anacheza gololi nyuma ya nyumba yao. Wanawake wakatawanyika mmoja mmoja bila kuaga. Mimi nikakimbilia chooni, na sikujali tena nani ananiona.

Kesho yake nilidhani biashara ya barafu imeisha nyumbani kwetu. Mama akaniamsha nikachote maji. Nikamwambia hakuna atakayenunua. Akasema, "Tukiacha kupika leo, tumekubali." Tukapika. Hakuna aliyenunua. Tukapika tena. Tulikula barafu badala ya chakula cha mchana mpaka ndimi zikafa ganzi, na mama hakupunguza hata embe moja kwenye mchanganyiko.

Kulwa alirudi shingo imekuwa kama kijiti, lakini alirudi kwa miguu yake. Kilichompata hatujakijua hata leo. Wengine walisema alikunywa maji ya ziwa akiogelea, wengine wakasema mapera. Mama hakuuliza. Siku hiyohiyo Mama Kulwa akaja, na safari hii alipiga hodi.

"Nipe moja," akasema.

Mama akampa. Mama Kulwa hakuingia ndani, hakukaa. Alitoka nayo mpaka katikati ya njia, pale ambapo kila mlango unamwona, akaila akiwa amesimama juani. Maji ya embe yakamtiririka mpaka kiwikoni. Akalamba mpaka kijiti.

"Embe la leo limeiva," akasema.

"Limeiva," mama akajibu.

Basi. Samahani yenyewe ndiyo ilikuwa hiyo, na haikurudiwa. Tangu siku hiyo ikawa desturi ya nyumba yetu kwamba barafu ya kwanza inaliwa na aliyechemsha maji, nje, watu wakimwona.

Sasa nakaa Buswelu kwa mwanangu. Wiki iliyopita mjukuu wangu Pendo alitengeneza lambalamba za embe kwa ajili ya watoto wa shule ya Jumapili. Ana blenda, ana maziwa ya kopo, ana vikopo maalumu vya kugandishia vyenye vijiti vyake, matete hayajui. Kitu cha kwanza alichofanya zilipoganda ni kuzipiga picha na kuzirusha mtandaoni.

"Nani ameonja?" nikamuuliza.

"Bibi, watu wameshazipenda huku."

"Wamezipenda kwa mdomo gani?"

Akacheka. Vijana wa leo ukiwauliza swali wanacheka, wanadhani ni utani. Sikucheka. Watoto walikuwa wameshajaa getini na wazazi wao. Nikamwambia aache simu, anitazame.

"Pendo. Maji uliyolainishia embe yalichemka?"

Kicheko kikamtoka usoni. Akatazama getini, akawatazama wale watoto.

"Yalichemka, Bibi."

"Yalitokota?"

"Yalitokota."

Enzi zetu ulikijua kitu unachokula kimepita mkono wa nani, na mwenye mkono ulijua pa kumkuta. Leo vinakuja vimefungwa vizuri, vina rangi, na ukiumwa hujui ubishe hodi kwa nani. Mama yangu hayupo, Mama Kulwa hayupo, ile friji iliuzwa chuma chakavu. Nilichukua lambalamba moja mkononi mwa Pendo, nikatoka nayo mpaka getini, nikasimama juani, nikala ya kwanza mimi. Meno machache niliyobakiza yaliniuma mpaka kichwani. Nilipogeuka, Pendo alikuwa amesimama pembeni yangu na yake mdomoni, hanitazami mimi, anawatazama wale watoto.